Soko la Saa za Usiku

Wafanya biashara husema, "Biashara asubuhi, jioni mahesabu." Lakini iko biashara ambayo soko lake kubwa hufunguliwa jua likisha kuchwa, nayo ni televisheni ya Marekani. Nataka kukuonyesha, msomaji, kilichouzwa katika soko hilo, kwani sicho ambacho wengi hudhani.

Mwaka wa 1950 nyumba zenye televisheni katika nchi ile hazikufika 1 katika kila 10. Ilipofika 1960 zilikuwa karibu 9 katika kila 10. Watu walipomaliza chakula cha jioni waliketi kutazama vipindi vya mashirika matatu, NBC, CBS na ABC. Saa zenye thamani kuu katika miji ya mashariki zilikuwa tangu saa moja na nusu hadi saa tano za usiku. Mtazamaji hakutozwa hata senti moja. Waliolipa ni wenye viwanda, ili bidhaa zao zitangazwe.

Hapo kwanza mwenye kiwanda aliweza kununua saa nzima, na kipindi kikawa kama mali yake. Hatari ya desturi hiyo ilionekana katika mchezo wa maswali ulioitwa Twenty-One. Baadhi ya washindani walipewa majibu kwa siri, maana mshindi apendwaye huvuta macho ya wengi. Mwaka wa 1959 Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliungama udanganyifu huo mbele ya kamati ya Bunge. Aibu ile iliharakisha badiliko lililokuwa limekwisha anza: mashirika yalishika ratiba yenyewe, yakawauzia wenye bidhaa dakika chache chache.

Tangu hapo mpangaji wa ratiba akawa kama jemadari vitani. Kipindi kichanga alikiweka baina ya viwili vyenye nguvu, kama mtoto avushwaye mto katikati ya watu wazima. Alijua kwamba aliyekwisha keti ni mzito wa kuinuka kubadili stesheni. Kampuni ya Nielsen ilikadiria idadi ya watazamaji, na bei ya dakika ilipanda au kushuka kwa kuifuata hesabu hiyo.

Sasa fikiri, msomaji: ikiwa wingi wa watu ndio faida, je, kipindi kipendwacho na wengi chaweza kuondolewa? Chaweza. Mwaka wa 1971 CBS iliviondoa vipindi kadhaa vilivyohusu maisha ya shamba, ingawa baadhi yake vilikuwa bado na watazamaji tele. Kimojawapo ni The Beverly Hillbillies, kilichokuwa cha kwanza katika nchi nzima hapo kilipoanza mwaka wa 1962. Kosa lake halikuwa uchache wa wapenzi. Wapenzi wake wengi walikuwa wazee na watu wa mashambani, na wenye bidhaa walitaka vijana wa mijini wenye fedha za kutumia. Hapo ndipo siri ya soko ilipofunuliwa: bidhaa iliyouzwa haikuwa kipindi, bali mtazamaji mwenyewe, naye hupimwa kwa umri wake na mfuko wake.

Serikali nayo ilikuwa na neno, kwa kuwa sheria ya nchi ile hutaka stesheni zitangaze kwa manufaa ya umma. Mwaka wa 1970 Tume ya Mawasiliano iliamuru kwamba, katika miji mikubwa, mashirika yasishike zaidi ya saa tatu za jioni. Amri ilipoanza kutumika mwaka uliofuata, stesheni zilipata nafasi ya kujaza. Hee Haw, kipindi cha nyimbo na mizaha ya watu wa shamba kilichofukuzwa na CBS, kiliuzwa kwa stesheni moja moja, kikaishi hata miaka ya 1990. Kilichotolewa mlangoni kilirudi kwa dirishani.

Siku hizi, kwa sababu ya intaneti, wengi hutazama watakacho kwa saa waitakayo, na ratiba ya usiku imepungukiwa na nguvu zake za zamani. Lakini mnunuzi wa macho ya watu hajaondoka sokoni. Kwa hiyo, msomaji, kila upewapo tamasha bila ya malipo, jiulize ni nani aliyelipa, na kwa fedha zake amenunua nini.