Nilivuka Malaba, Nikakuta Historia Yetu

Wasee, nianze na aibu yangu. Nimezaliwa Kitale, nimesomea Bungoma, na mpaka Juni 2024 sikuwa nimewahi kutazama kriketi hata dakika kumi. Kwangu ilikuwa mchezo wa wenyewe: watu wamevaa nyeupe, wamesimama kwa jua siku nzima, halafu wanaenda kunywa chai.

Mwezi huo nilipanda basi Bungoma, nikavuka Malaba, nikaenda Kampala kumtembelea khocha. Kwa wale si wa Mulembe, khocha ni mjomba, kaka yake mama, na khocha akikuamsha huulizi maswali. Usiku wa kuamkia tarehe 6, saa nane na nusu, akanigonga mguu. "Amka. Uganda inacheza Kombe la Dunia."

Nikadhani ni kandanda. Nikakimbia sebuleni, kumbe ni kriketi, Uganda na Papua New Guinea, huko Guyana. Nusu saa ya kwanza sikuelewa kitu. Khocha akanifundisha pole pole: mrushaji anatupa mpira, mpigaji analinda vile vijiti vitatu nyuma yake. Akipiga mbali anakimbia, na hiyo ndiyo mikimbio. Vijiti vikiangushwa, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji anatoka. Wakitoka kumi, zamu imeisha.

Halafu akaja mzee mmoja kurusha, Frank Nsubuga, miaka 43. Katika ova zake nne, yaani mipira 24, alitoa mikimbio minne tu na kuwatoa wapigaji wawili. Papua New Guinea wakaishia 77. Nikasema hii imeisha. Wapi! Wapigaji wa Uganda nao wakaanza kutoka mmoja mmoja mapema, mpaka Riazat Ali Shah akasimama imara na kutafuta mikimbio 33 kwa subira. Uganda wakafika 78, ushindi wao wa kwanza kabisa katika Kombe la Dunia. Khocha, mtu wa Bungoma kabisa, alikuwa anaruka sebuleni kama Mganda.

Nikamuuliza, "Khocha, kwani sisi Kenya pia hucheza hii?"

Akanitazama kama nimemuuliza kama Elgon ni mlima. "Wewe. Sisi tulifika nusu fainali."

Sikuamini, ikabidi nitafute. Ni kweli.

Hadithi inaanza mbali. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume lilichezwa Uingereza mwaka 1975, na ndani kulikuwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki. Wakenya, Waganda, Watanzania na Wazambia walivaa jezi moja. Nahodha alikuwa Harilal Shah, na mmoja wa warushaji alikuwa John Nagenda wa Uganda. Walipoteza mechi zote tatu, lakini walikuwepo.

Mwaka 1996 Kenya ikaenda peke yake. Tarehe 29 Februari, mjini Pune, India, Kenya ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies, na Brian Lara alikuwa upande wa pili. West Indies wakatolewa wote kwa 93. Nahodha Maurice Odumbe mwenyewe aliwatoa watatu.

Halafu 2003. Tarehe 24 Februari, Nairobi, Sri Lanka waliokuwa mabingwa wa 1996 walipigwa kwa mikimbio 53. Collins Obuya aliwatoa watano. Kenya ya Steve Tikolo ikaangusha pia Canada, Bangladesh na Zimbabwe, ikafika nusu fainali na kutolewa na India kule Durban. Ukweli usemwe: New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, tukapewa pointi za bure. Lakini Sri Lanka hawakukataa. Walikuja, wakapigwa.

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Mwaka 2004 kulikuwa na mgomo wa wachezaji juu ya malipo, na Odumbe akafungiwa miaka mitano kwa kuhusiana na watu wa kamari. Kufikia 2014, Kenya ilikuwa imepoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Novemba 2023, Uganda ikajikatia tiketi ya Kombe la Dunia huko Windhoek, na njiani ikatupiga hata sisi.

Sasa maoni yangu. Watu hulaumu viongozi na pesa, na hawajakosea. Lakini mimi nauliza: timu ikiwa katika mashindano makubwa, halafu miaka 20 baadaye kijana wa Kitale hajui hata jina la nahodha, si tulikuwa tumeshapoteza kitu kabla ya hiyo hadhi? Sijawahi kuona gongo la kriketi katika shule yoyote niliyosoma. Mpira wa miguu na raga tulikuwa nao. Kriketi ilibaki kwa klabu chache za mjini, na kizazi cha Tikolo kilipochoka, nyuma hakukuwa na foleni.

Niliporudi Kitale nikamuuliza baba, "Baba, unamjua Tikolo?" Akaweka kikombe chini, akaanza kuwataja: Tikolo, Odumbe, Obuya, Otieno, Odoyo, Suji. Alikuwa amefuatilia kwa redio mwaka mzima huo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza."

Basi waulize wazee wako leo. Wanajua vitu ambavyo wewe na mimi tunavuka mpaka kwenda kuvitafuta.