Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Mitishamba ya Ng'ambo katika Ayurveda

Mwezi Oktoba 2020, katika bonde la Lahaul huko Himachal Pradesh, watafiti wa serikali ya India walipanda mche wa mvuje uliooteshwa kwa mbegu zilizotoka Iran. Lengo lilikuwa kuanza kilimo cha mmea huo nchini mwao, na ndani ya habari hiyo kuna kichekesho. Mvuje, utomvu ule mkavu wenye harufu ya kukatisha tamaa ambao pwani yetu unajulikana kama dawa na kama kitu cha kufukuzia pepo, ni miongoni mwa vitu vinavyoonekana vya Kihindi kuliko vyote. Umo katika dengu zao na katika dawa zao za gesi ya tumbo. Umo pia, kwa jina la hingu, katika Charaka Samhita, kitabu kikuu cha tiba ya Ayurveda ambacho kilifikia umbo lake la sasa katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Mmea wenyewe ni wa milima mikavu ya Iran na Afghanistan. Kwa muda mrefu ajabu, basi, matabibu wa India waliandika kwa utulivu kabisa dawa ambayo ilibidi ngamia avuke milima kuileta.

Naanza na mvuje kwa sababu unapingana na hadithi tuliyoizoea. Wanaoisifu Ayurveda leo hupenda kusema kwamba ni elimu ya miaka elfu tano isiyobadilika, iliyochipuka katika ardhi moja na kujitosheleza kwa mimea ya ardhi hiyo. Wanaoikejeli nao huichukua picha hiyohiyo, ila wao huiita kuganda. Nadhani pande zote mbili zimekosea, na ushahidi umo katika orodha za mitishamba yenyewe. Zikisomwa kwa mfuatano wa karne, orodha hizo zimejaa wageni. Kilichoiweka hai tiba hii ni uwezo wake wa kumpokea mgeni, kumpa jina la kienyeji na kumtia kazini kabla hajapumzika.

Utakuja ubishi wa kwanza, nao ni wa haki: vitabu vyenyewe vinadai vingine. Charaka Samhita inasema elimu hii ilitoka kwa Brahma, ikapitia kwa miungu hadi kwa Indra, kisha ikawafikia wahenga wa duniani. Elimu iliyoshuka kutoka mbinguni itaongezewaje na mwenye duka? Lakini kitabu hichohicho kinamwambia mwanafunzi ajifunze sura na majina ya mimea kwa wachunga mbuzi, wachunga ng'ombe na watu wa porini, kisha kinamwonya kwamba kuujua mmea kwa sura tu si utabibu, maana tabibu ni yule ajuaye wakati na namna ya kuutumia. Kinasema pia kwamba hakuna kitu duniani kisichoweza kuwa dawa. Simulizi la Kibuddha la tabibu Jivaka linatoa wazo hilohilo kwa mtindo mwingine: mwalimu wake wa Taxila alimtuma azunguke mji alete mmea wowote usio dawa, akarudi mikono mitupu, na hapo akahesabiwa kuwa amehitimu. Kwa mtazamo huo hakuna mmea unaokataliwa mlangoni kwa sababu ya kwao. Hata Charaka Samhita si mkono wa mtu mmoja. Dridhabala, mhariri wake wa mwisho, anakiri mwenyewe kwamba alijazia sura zilizokuwa zimepotea, nazo ni 41 kati ya 120. Theluthi nzima ya kitabu kitakatifu ni kazi ya fundi kiraka, na hakuona haya kulisema.

Aliyelisema waziwazi zaidi ni Vagbhata, anayewekwa kwa kawaida karibu na karne ya 7. Mwishoni mwa kitabu chake, Ashtangahridaya, anawageukia wasomi wanaotaka maneno ya wahenga wa kale tu. Hoja yake ni ya mtu aliyechoshwa: mafuta hutuliza upepo wa mwilini, samli hutuliza nyongo na asali hutuliza kohozi, awe aliyesema hivyo ni Brahma au ni mwingine, kwa kuwa nguvu ya dawa haitoki kwa msemaji. Ukishalikubali hilo, umekubali pia kwamba dawa inaweza kuja kesho, kwa merikebu, mkononi mwa mtu usiyemjua.

Lakini kupokea bila utaratibu ni fujo, na Ayurveda haikuwa fujo. Msomaji wa Kiswahili ana njia rahisi ya kulielewa hili. Lugha yetu ilipolichukua neno la Kiarabu kitabu, haikuuliza mizizi yake. Ililiona ki- la mwanzo, ikaliingiza katika ngeli, na kesho yake watu wakasema vitabu, na hakuna mtoto anayejua kwamba wingi huo ungemshangaza Mwarabu. Ngeli zilibaki zetu, neno likawa letu. Matabibu wa India nao walikuwa na ngeli zao. Kila kitu kilipimwa kwanza kwa ladha sita, yaani utamu, uchachu, chumvi, ukali, uchungu na ukakasi. Kisha likaja swali la kama kinapasha mwili joto au kinaupoza, kinageuka ladha gani baada ya kusagwa tumboni, na kama kina tabia ya pekee isiyoelezeka kwa vipimo hivyo. Mmea wowote duniani una majibu ya maswali haya. Pilipili kali kutoka bara la Amerika, kiazi kutoka China au utomvu kutoka Uajemi ukiwekwa ulimini unapata kiti chake pale pale, pamoja na maradhi unayotakiwa kuyashughulikia. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema kwamba kwa kuwa nadharia ya upepo, nyongo na kohozi haikubadilika, basi tiba haikubadilika. Uthabiti wa nadharia ndio uliorahisisha mabadiliko ya dawa.

Afyuni inaonyesha jinsi ngeli hizo zilivyofanya kazi. Katika vitabu vya kale vya Charaka na Sushruta haimo. Inajitokeza karne nyingi baadaye, katika vitabu kama Sharngadhara Samhita, karibu na karne ya 13 au 14, baada ya wafanyabiashara na matabibu Waislamu kuieneza. Jina lake la Kisanskriti ni ahiphena, na ukilivunja linakupa povu la nyoka: ahi ni nyoka, phena ni povu. Linasikika kama neno la kale lenye hekaya nyuma yake, na kumbe ni sauti ya Kiarabu, afyun, ileile iliyotupa sisi afyuni, iliyovalishwa nguo za Kisanskriti. Utohozi wa namna hii ni wa werevu kuliko wetu, kwa sababu hauhifadhi sauti tu, unabuni pia nasaba. Na Sharngadhara hakuishia kwenye afyuni. Kitabu chake ndicho cha kwanza katika mkondo huu kueleza upimaji wa ugonjwa kwa mapigo ya mshipa wa mkono, jambo ambalo wengi leo huliona kuwa la Ayurveda tangu enzi na enzi.

Karne ya 16 ilileta mtihani mgumu zaidi, kwa sababu safari hii ugonjwa wenyewe ndio uliokuwa mgeni. Vasco da Gama alipata rubani Malindi mwezi Aprili 1498, na mwezi uliofuata akatia nanga karibu na Calicut. Haukupita muda mrefu kaswende ikawa imeenea India. Bhavamishra, aliyeandika Bhavaprakasha katika karne hiyo, aliupa ugonjwa huo jina phiranga roga, ugonjwa wa Wafirangi, yaani Wazungu, akaeleza kwamba hupatikana kwa kukutana kimwili na watu hao. Alipotafuta dawa, pamoja na zebaki, akaandika chopchini, mzizi wa mmea mtambaao kutoka China ambao jina lake la Kiajemi linatangaza kwao. Kwa Kisanskriti aliuita vacha wa visiwa vya mbali, akichukua jina la mmea uliojulikana tangu kale na kuliongezea anwani. Mzizi huohuo ulikuwa umezungumziwa Goa na Garcia de Orta, tabibu Mreno, katika kitabu chake cha mwaka 1563. Ugonjwa ulioletwa na Mreno, dawa kutoka China, jina kutoka Uajemi, na vyote vikaingia katika kitabu cha Kisanskriti kana kwamba vilikuwa vimeketi pale siku zote.

Kuna anayeweza kusema kwamba hizo ni habari za wasomi wa Kibrahmani na vitabu vyao, wala hazituonyeshi kilichofanyika vijijini. Basi twende Kochi, pwani ya Malabar. Kati ya mwaka 1678 na 1693 huko Amsterdam vilichapishwa vitabu 12 vya Hortus Malabaricus, vyenye michoro na maelezo ya mimea zaidi ya 700, chini ya gavana wa Kiholanzi Hendrik van Rheede. Wabrahmani watatu wa Kikonkani walichangia kutoka katika maandiko yao. Lakini shahidi mkuu alikuwa Itty Achudan, tabibu wa jamii ya Ezhava, watu waliojulikana zaidi kwa kugema tembo la mnazi na kuwekwa chini na matabaka ya juu. Tamko lake, lililoandikwa mwaka 1675, linasema alitoa elimu iliyorithiwa katika familia yake. Mwanahistoria Richard Grove alipokipitia kitabu hicho alisisitiza kwamba mpangilio wake unafuata ujuzi wa Waezhava kuliko ule wa Ulaya, na majina ya Kimalayalam ndiyo yanayotangulia. Na ndani ya ujuzi huo wa mgema na wa kurithi tunamkuta nani? Mkorosho, mti wa Brazil ulioletwa na Wareno kwao kama ulivyoletwa kwetu. Jina lake mle ni kapa-mava, mwembe wa merikebu. Yaani mtu wa kijijini naye alikuwa na ngeli zake, na hakuhitaji Kisanskriti kuzitumia.

Mlango uliokuwa wazi kwa kuingia ulikuwa wazi kwa kutoka pia, na hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Bhavaprakasha inataja kundi la mimea minane ya milima ya Himalaya, ashtavarga, inayosifiwa kurudisha nguvu na iliyomo katika fomula ya kale ya chyawanprash, ile dawa tamu ya kulamba inayouzwa sasa madukani kote duniani. Bhavamishra anakiri kwamba mimea hiyo hata wafalme huikosa. Kisha, bila kuomba radhi, anataja wa kushika nafasi zake: shatavari kwa miwili, ashwagandha kwa miwili, na viazi vya porini kwa minne iliyobaki. Kibadala kama hiki huitwa pratinidhi, neno litumikalo pia kwa mjumbe anayesema kwa niaba ya mwingine. Mpinzani atasema huu ndio mwanzo wa ulaghai, kwani ukiruhusu mti mmoja kusimama mahali pa mwingine, umempa mchuuzi kibali cha kuuza chochote. Ana haki kwa sehemu. Jina shankhapushpi, kwa mfano, linabeba mimea tofauti kabisa kutegemea uko mkoa gani, na anayenunua unga hana macho ya kuona. Wala wingi wa wageni katika historia hauthibitishi kwamba dawa yoyote kati ya hizi inaponya. Hilo linahitaji kipimo cha namna nyingine. Ila tofauti kati ya Bhavamishra na mlaghai ni kwamba yeye aliandika kilichokosekana na kilichowekwa badala yake, hadharani.

Limebaki swali la umiliki, ambalo katika zama zetu ndilo zito. Mwaka 1995 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Mississippi walipewa hataza ya Marekani ya kutumia manjano kuponya vidonda. India ikapinga, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Hataza ya Ulaya juu ya dawa ya ukungu iliyotokana na mwarobaini, iliyotolewa mwaka 1994 kwa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikashindwa mwaka 2005. Je, kusema kwamba Ayurveda ilikopa kila mahali si kuwapa silaha wanyang'anyi? Sioni hivyo. Hataza hizo hazikufutwa kwa hoja kwamba mti ni wa damu ya Kihindi. Zilifutwa kwa sababu matumizi yaliyodaiwa kuwa mapya yalikuwa yamejulikana tayari, na ushahidi ulikuwepo. Haki ya mjuzi inatokana na kujua na kutumia. Kama ingetokana na asili ya mti, ukwaju ungetuletea kesi ya ajabu: Waarabu waliuita tende ya India, matabibu wa India wameutumia tangu zamani, na wataalamu wa mimea wanasema kwao ni Afrika. Mwarobaini wetu umekwenda njia ya kinyume, ukafika hapa kutoka India ukapewa jina la kuponya maradhi arobaini, hesabu ambayo haikutoka katika kitabu chochote cha Kisanskriti.

Leo mlinda mlango ni sheria. Sheria ya Dawa na Vipodozi ya India ya mwaka 1940, kwa marekebisho yaliyoanza mwaka 1964, inatambua kuwa ya Ayurveda dawa inayofuata vitabu vilivyotajwa katika jedwali lake, au angalau iliyotengenezwa kwa viambato vilivyomo humo. Nia ilikuwa kumlinda mnunuzi, na kwa soko lenye wachuuzi wa kila aina ni nia inayoeleweka. Katika jedwali hilo wamo Sharngadhara na Bhavamishra, kwa hiyo afyuni ya Waarabu na mzizi wa China ni wenyeji kwa mujibu wa sheria. Tabibu wa sasa anayetaka kufanya walichofanya hao wawili, auonje mmea uliofika juzi, aupe jina na kuuandika karibu na tangawizi, hana tena ukurasa wa kuuandikia.