Lukuga: mlango pekee wa Ziwa Tanganyika

Ujiji kuna mnara wa kumbukumbu mahali Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone mwaka 1871. Siku hizo ziwa lilikuwa karibu na soko. Leo mnara umesimama nchi kavu, na maji yako mbali. Chanzo cha mabadiliko hayo kiko ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, kwenye mto Lukuga.

Ziwa Tanganyika limelala katika Bonde la Ufa, milima ikilibana mashariki na magharibi. Lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani ni Baikal tu linalolizidi kwa kina. Ruzizi huliletea maji ya Ziwa Kivu, Malagarasi huleta ya Tanzania. Sehemu kubwa ya maji hayo hupotea kwa mvuke. Yanayobaki yana njia moja tu ya kutokea: Lukuga, kisha Lualaba na Kongo, hadi Atlantiki.

Wazungu walichelewa kulijua hilo. Richard Burton na John Speke walifika mwaka 1858 wakaondoka bila jibu. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda hadi ncha ya kaskazini, wakaona Ruzizi unaingia ziwani. Miaka mitatu baadaye Verney Lovett Cameron, ambaye mkuu wa msafara wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao, aliufikia mdomo wa Lukuga. Mkondo ulikuwa dhaifu, mafunjo na matete yameusonga.

Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta ziwa limepanda. Miti mitatu aliyoiacha sokoni Ujiji sasa ilikuwa imesimama majini. Ziwa liliendelea kujaa hadi, mnamo 1878, maji yakazoa kizuizi cha matope na mimea. Mwaka uliofuata mmisionari Edward Hore aliukuta Lukuga ukienda kwa kasi kubwa. Katika miaka isiyozidi ishirini ziwa lilishuka takriban mita 10, na fukwe mpya zikajitokeza pande zote.

Fukwe hizo ndizo zilizovuta watu. Pakawa na mialo ya dagaa na migebuka, bandari, barabara na nyumba. Lakini ziwa lilipanda tena miaka ya 1960, na miaka ya karibuni limeingia majumbani Bujumbura, Uvira, Kalemie na Kigoma. Mvua zinapozidi, mlango ule mmoja hautoshi kuyatoa maji upesi.

Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa ziwa hili mwaka 2003. Ushirikiano huo unapaswa kuonekana kwenye viwanja. Kabla ya kugawa ardhi ya ufukweni, kila halmashauri ipime kwanza maji yalifika wapi mwaka 1878. Mvuvi anayejenga leo ana haki ya kuonyeshwa mstari huo kabla hajaweka jiwe la kwanza la msingi.