Kufuli kwenye simu yako: siri peke yake haitoshi

Unapoona anwani ya tovuti inaanza na https, simu yako inafanya kazi mbili. Inasimba ujumbe ili mtu mwingine asiusome. Pia inauwekea alama ya uthibitisho, ili anayeupokea ajue haukubadilishwa njiani. Wengi hudhani kazi ya kwanza inatosha. Haitoshi. Katika baadhi ya njia za kusimba, mtu anayejua kiasi cha pesa kimeandikwa wapi kwenye ujumbe anaweza kukibadilisha bila kusoma hata herufi moja.

Wataalamu walibishana kuhusu nini?

Kanuni za IPsec za mwaka 1995 ziliruhusu kusimba bila kuthibitisha. Mwaka 1996 Steven Bellovin alionyesha jinsi hilo linavyoweza kushambuliwa. Lakini ubishi mkubwa ulikuwa mwingine: kipi kitangulie?

Fikiria barua. Unaweza kuigonga mhuri kisha ukaitia kwenye bahasha, au ukaifunga kwanza na kugonga mhuri juu ya bahasha. SSL, ambayo baadaye iliitwa TLS na ndiyo inayolinda https, ilichagua mhuri wa ndani. IPsec ilichagua wa nje. Niels Ferguson na Bruce Schneier waliilaumu IPsec kwa hilo, wakisema kinachotakiwa kuthibitishwa ni maneno yenyewe, si bahasha. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, mwaka 2001 Hugo Krawczyk alionyesha kwa hesabu kuwa kwa jumla mhuri wa nje ndio salama.

Shida ya mhuri wa ndani ni kwamba mpokeaji lazima afungue bahasha kabla ya kujua kama ni ya kweli. Mwaka 2002 Serge Vaudenay alionyesha kuwa ujumbe wa kosa anaorudisha mpokeaji unaweza kufichua siri. Programu zikarekebishwa. Mwaka 2013 Nadhem AlFardan na Kenny Paterson walipima tofauti ndogo mno za muda wa kujibu, na siri ikavuja tena! TLS 1.3, iliyotolewa Agosti 2018, iliacha kabisa mpangilio huo. Inakubali tu njia zinazosimba na kuthibitisha kwa pamoja.

Wewe ufanye nini?

Ukinunua simu iliyotumika, angalia toleo la mfumo wake. Kuanzia Android 10, TLS 1.3 huwa tayari inafanya kazi. Kama simu yako ni ya zamani zaidi, sasisha Chrome au Firefox, kwa sababu vivinjari hivi huja na TLS yao wenyewe. Ukipata Wi-Fi, fanya hivyo hapo ili usimalize bando.

Uthibitisho huu unakuambia tu kwamba ujumbe umetoka kwenye tovuti uliyoifungua na haukuguswa njiani. Hauelezi kama mwenye tovuti ni mkweli. Hata tapeli anayekudai pesa ili "akuandikishe" kuhamia nchi ya tatu anaweza kuwa na kufuli kwenye tovuti yake. Huduma zote za UNHCR, pamoja na hiyo, ni bure.