OCD: Mgonjwa atajuaje iwapo tiba anayopewa inafaa?

MIONGONI mwa maradhi ya akili, ni machache yanayomhangaisha mtu kama yale yanayojulikana kwa kifupi kama OCD. Mgonjwa huvamiwa na mawazo asiyoyataka, kisha hujihisi kulazimika kurudia tendo fulani ili atulie: kunawa mikono tena na tena, kurudi kukagua mlango aliokwisha kuufunga, au kuanza sala upya kwa hofu kuwa amekosea. Utulivu huo haudumu.

Madaktari wa Ufaransa wa karne ya 19 waliyaita maradhi haya wazimu wa shaka. Si ajabu basi kwamba anayeshuku mikono yake humshuku pia anayemtibu. Hata hivyo, wakati mwingine shaka hiyo huwa na msingi.

Tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mkubwa zaidi ilianzia London, ambako mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili. Katika tiba hiyo, mgonjwa hukabili kimtishacho hatua kwa hatua, huku akijizuia kutenda alichozoea. Kwa mfano, hushika kitasa cha mlango kisha akakaa bila kunawa. Hofu hupanda, lakini hatimaye mgonjwa hujifunza kuwa anaweza kuistahimili.

Kwa hivyo, kuna sababu ya kuuliza maswali iwapo miezi inapita katika kusimulia mambo ya utotoni pekee, au mgonjwa anafundishwa kuyafukuza mawazo kwa nguvu. Vivyo hivyo kwa mtaalamu anayemhakikishia kila kikao kwamba hakuna baya litakalotokea. Hakikisho la aina hiyo hufanya kazi ileile ya kunawa: hutuliza kwa muda, kisha kiu ya kuhakikishiwa hurudi.

Kwa upande mwingine, ugumu wa tiba si ishara kwamba imekosewa. Tiba sahihi huamsha hofu. La muhimu ni kuwa mazoezi yapangwe kwa makubaliano, yaanze na mepesi, na mgonjwa asishurutishwe.

Njia bora ni kuuliza waziwazi: Je, mtaalamu amewahi kutibu OCD kwa njia hii? Mazoezi ya nyumbani ni yapi? Maendeleo yatapimwaje? Kipimo cha Yale-Brown, kilichochapishwa mwaka 1989, kina maswali 10 na alama kuanzia 0 hadi 40. Alama zisipopungua baada ya muda wa kutosha, mpango wapasa kubadilishwa. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2014 inawataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe, hivyo ni haki ya mgonjwa kuulizia usajili.

Dawa kama vile fluoxetine na sertraline pia husaidia, ingawa huenda zikachukua hadi wiki 12 kabla ya manufaa kuonekana kikamilifu. Hazifai kuachwa ghafla bila ushauri wa daktari.

Shaka yenye msingi hutulia ikipata jibu la wazi, au humwongoza mgonjwa kutafuta mtaalamu mwingine. Shaka ya maradhi hudai jibu lilelile kila siku. Kuuliza si ujinga. Lakini swali lililokwisha kujibiwa likirejea mara ya kumi, lapasa kupelekwa kwa mtaalamu kama dalili ya kutibiwa.