Watoto wa North Mara katika historia ya saratani

Ndugu wana-Tarime na wana-Rorya, madaktari wa dunia nzima husoma habari za limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo mara nyingi huanza na uvimbe wa taya. Wachache wanajua kwamba ukurasa mmoja wa historia yake uliandikwa kwetu, wakati wilaya zetu mbili zikiitwa North Mara.

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Tangu hapo akaanza kuwatafuta wagonjwa wa namna hiyo. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari kama kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Uvimbe ulipatikana penye joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi haukuonekana. Ramani yake ilifanana na ya malaria.

Machi mwaka huohuo, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na Anthony Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli hizo, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Lakini kirusi hicho kimo mwilini mwa watu wengi duniani. Kwa nini basi wanaougua zaidi ni watoto wa maeneo kama yetu ya ziwani? Swali hilo ndilo lililoleta utafiti North Mara. Kati ya 1977 na 1982 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, pamoja na Dkt. George Brubaker wa Hospitali ya Shirati, waligawa klorokwini mara mbili kwa mwezi kwa watoto wa chini ya miaka 10. Wagonjwa wa uvimbe walipungua, na ugawaji ulipokwisha wakaongezeka tena. Watafiti walisema wazi kwamba upungufu ulikuwa umeanza hata kabla ya dawa, kwa hiyo hawakudai kuwa wamethibitisha. Hata hivyo, kila anayechunguza uhusiano wa malaria na saratani hii hurejea takwimu za North Mara.

Maabara nazo ziliendelea. Mwaka 1982 ilibainika kwamba katika seli za uvimbe jeni iitwayo MYC huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, na huko huziamuru seli zigawanyike bila breki. Kisha ikajulikana jinsi kirusi kinavyojificha. Alama ndogo za kemikali ziitwazo methili hubandikwa juu ya DNA. Maandishi ya jeni hayabadiliki, ila jeni hunyamazishwa. Elimu hii huitwa epijenetiki. Karibu jeni zote za kirusi zikinyamaza, askari wa mwili hupita bila kukitambua. Mwaka 1989 watafiti wa Stockholm walitumia azasitidini kwenye seli za Burkitt, na baadhi ya jeni zilizonyamaza zikaamka. Dawa hiyohiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kutibu ugonjwa wa uboho.

Elimu yote hiyo haimsaidii mtoto anayechelewa. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache tu. Dawa zake zimejulikana tangu miaka ya 1960, na watoto wengi hupona wakiwahi. Kinachowakwamisha wengi wa kwetu ni nauli ya kufika Bugando, Mwanza, na chakula cha mama anayemuuguza mtoto kwa wiki nyingi mbali na nyumbani.

Ndiyo sababu mwaka huu tunachangia mfuko wa matibabu ya watoto. Na ukiona mtoto amevimba taya au tumbo, au meno yanalegea bila sababu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Wazazi wa North Mara walikubali watoto wao wahesabiwe ili dunia ijifunze. Sasa ni zamu yetu kuwalipia nauli wajukuu wao.