Siha ya Rubani Kabla ya Kuruka

Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walipaa kwa puto lililoitwa Zénith hata wakapita kimo cha meta 8,000, na ijapokuwa walichukua mifuko ya oksijeni, hawakudiriki kuitumia ilipohitajiwa, kwa kuwa kupungukiwa na hewa hulegeza viungo na kuifurahisha nafsi kwa wakati mmoja, mtu akajiona yu buheri wa afya ilhali mauti yamemkaribia. Tissandier peke yake alirudi hai, naye alipoteza usikivu wake. Hapo ulidhihiri ugumu ambao haujaondoka katika urubani hata leo: akili inayotakiwa kuipima siha ndiyo hiyo hiyo iliyodhoofika.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza tegemeo lilikuwa matabibu. Marekani ilifungua maabara huko Mineola, karibu na New York, mwaka 1918, na mwaka 1926 tabibu Louis Bauer akakabidhiwa usimamizi wa upimaji wa marubani wa kiraia. Ilikuwa kazi ya heshima kubwa. Lakini cheti cha tabibu hushuhudia siku moja tu, na mafua, kileo, dawa ya kikohozi, msiba au usiku usio na usingizi havingoji siku ya kupimwa. Ndiyo maana marubani wakafundishwa kujihoji nafsi zao kabla ya kila safari.

Kujihoji ni kwema, ila jibu la kweli aghalabu lina gharama. Februari 2009 ndege ya Colgan Air, shirika la Marekani, ilianguka karibu na Buffalo, wakafa watu 50. Rubani msaidizi, mwenye ujira mdogo na aliyeshikwa na mafua, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja kazini Newark. Wachunguzi walisema sababu ni rubani mkuu kukosea kuiongoza ndege, wakaongeza kwamba yamkini uchovu uliwapunguzia wote wawili uwezo wao.

Baada ya ajali hiyo, kanuni ya Marekani iliyoanza kutumika Januari 2014 ilimtaka rubani athibitishe kabla ya kila safari kuwa anafaa kwa kazi, ikalikataza shirika kumrusha aliyekiri kuchoka. Kanuni hiyo ni ya insafu, nayo ina taksiri moja kubwa: marubani wa ndege za mizigo, ambao kazi yao nyingi ni ya usiku, waliachwa nje yake.